Betri ya boti inaisha baharini kila siku ya tatu: nitajuaje kama koili ya kuchaji ni mbovu?

Nahodha wa Kilindoni

Assalamu alaikum ndugu mabaharia na mafundi. Ninaendesha boti ya faiba ya futi 23 hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, na katika msimu huu wa kaskazi kazi yangu kubwa ni kuwapeleka wageni kuwaona papa potwe. Mashine ni ya hospawa 40, ya kuchanganya petroli na oili, yenye stata ya umeme na pia kamba ya kuvuta kwa mkono. Betri ni N70 ya maji, niliyoinunua mpya wiki 3 zilizopita.

Tatizo langu ni hili. Nikiichaji betri nchi kavu usiku kucha kwa chaja ya umeme wa nyumbani, siku ya kwanza mashine inawaka bila shida, siku ya pili stata inazunguka kwa uzito, na siku ya tatu inatoa mlio wa tik tik kisha inanyamaza. Juzi ilinyamaza wageni 8 wakiwa ndani ya maji, papa ameshazama na mkondo unawasogeza mbali na boti, ikabidi mimi nivute kamba huku mwenzangu akiwatupia boya. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu siku hiyo siwashi mashine bila moyo kwenda mbio, kwa sababu watu wale walikuwa dhamana yangu.

Betri hii ni ya pili. Ile ya awali fundi wa kwanza aliitazama akasema imekufa, nikanunua hii, na tatizo likabaki vilevile. Fundi wa pili anasema koili ya kuchaji iliyo chini ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka juu ya mashine) imeungua, na kwamba lazima iagizwe Dar es Salaam kwa bei inayokaribia mapato yangu ya wiki 3. Hakupima kitu chochote kabla ya kusema hivyo. Ninayo multimita ya kawaida, ingawa mpaka sasa nimeitumia kupimia volti za betri tu. Geji ya mizunguko iliyo kwenye usukani inafanya kazi. Botini nina pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini botini) inayojiwasha yenyewe, kifaa cha kupima kina, chaja za simu, na redio ya muziki yenye spika 2 kwa ajili ya wageni.

Naomba mnielekeze namna ya kuthibitisha kama koili ni mbovu kabla sijatoa fedha hizo.

Fundi wa Tanga

Waalaikumu salaam, nahodha. Usiagize koili kwanza. Umetaja jambo moja linalonifanya niamini kwamba koili yako huenda ni nzima: geji ya mizunguko inafanya kazi. Katika mashine nyingi za nje geji hiyo hupata ishara yake kutoka kwenye mfumo huohuo wa kuchaji, na mfumo huo ukifa kabisa, mara nyingi mshale wa geji nao hulala kwenye sifuri. Hiyo ni dalili tu, kwa hiyo tupime.

Ni vizuri ufahamu umeme wako unapita wapi. Ndani ya flaiwili kuna sumaku, na chini yake kuna koili ambazo hazizunguki. Flaiwili ikizunguka, sumaku zinapita juu ya koili na kuzalisha mkondo geu, ule unaosomwa kwenye multimita kwa alama ya V yenye kiwimbi. Betri haiwezi kuupokea umeme wa namna hiyo, ndiyo maana unapita kwanza kwenye rektifaya inayougeuza uende upande mmoja, ambayo mara nyingi huwa imeunganishwa na regyuleta inayozuia volti zisipande kupita kiasi. Kutoka hapo unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye bolti ya rilei ya stata (swichi nzito inayoipa stata umeme), na ndipo unapanda kebo nene hadi kwenye betri. Kokote utakapokatika katika njia hiyo, betri itakosa chakula, na mtu asiyepima atalaumu mwanzo wa njia au mwisho wake.

Anza na betri yenyewe. Ipime asubuhi, baada ya kulala bila kuchajiwa wala kutumiwa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, iliyobaki nusu husoma karibu 12.2, na ikisoma chini ya 12 ujue iko karibu tupu. Fungua vizibo vyake utazame maji, na kama yamepungua ongeza maji ya betri ya dukani, kamwe usiongeze ya kisima. Kisha mwambie mwenzako awashe mashine huku wewe umeshika ncha za mita kwenye vichwa vya betri: wakati stata inazunguka volti zitashuka, na betri nzima iliyojaa haipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi.

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa. Boti ikiwa majini, mashine ikiwa kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika, pima tena kwenye vichwa vya betri. Unatafuta kati ya volti 13.5 na 14.5. Ukiipata, mfumo unachaji na tatizo liko kwingine. Usiipate, usikimbilie kusema koili. Hamisha ncha chanya ya mita uiweke pale waya wa rektifaya unapotoka, kabla ya fyuzi, ncha hasi ikiwa kwenye chuma safi cha mashine, upime kwa mizunguko ileile. Kama rektifaya inatoa 14 na betri inapokea 12 na kidogo, umeme unapotelea njiani. Kama hata kwenye rektifaya hakuna kitu, zima mashine, chomoa nyaya za koili zinazoingia kwenye rektifaya, washa tena, na upime kati ya nyaya hizo kwa mkondo geu. Namba inatakiwa kupanda kadiri mizunguko inavyopanda. Ikipanda, koili inazalisha na rektifaya ndiyo ya kushukiwa. Isipopanda, zima, pima omu kati ya nyaya hizo, kisha kati ya kila waya na mwili wa mashine. Koili nzima huwa na ukinzani mdogo sana kati ya waya na waya, na haina mawasiliano yoyote na mwili.

Nakusihi uzingatie mambo mawili ya usalama. Usichomoe kamwe kichwa cha betri wala usizime swichi kuu ya betri mashine ikiwa inanguruma, kwa maana volti hupanda ghafla na rektifaya nyingi zimekufa namna hiyo. Pili, chini ya flaiwili hiyohiyo kuna koili ya moto wa plagi, ambayo nyaya zake hubeba volti mamia. Hakikisha kwa kutumia mchoro wa mashine yako kwamba nyaya unazozishika ni za kuchaji. Wala usiiwashe mashine nchi kavu bila maji, hata kwa nusu dakika, kwani utaunguza mpira wa pampu ya maji wakati unatafuta tatizo la umeme.

Baharia wa Mokowe

Naunga mkono maneno ya fundi, na ninaongeza yaliyonipata mimi. Navusha abiria kati ya Mokowe na Lamu, na mwaka jana nilikuwa na ugonjwa unaofanana kabisa na wako. Nilibadilisha rektifaya bila kupima, na ile mpya ikafanya kazi sawasawa na ile mbovu, kwa sababu ile mbovu haikuwa mbovu.

Tatizo lilikuwa kwenye kebo hasi, pale inapoingia kwenye kile kipande cha shaba chenye tundu kinachofungwa kwa bolti. Kwa nje kebo ilikuwa nyeusi, safi, na imebanwa vizuri. Siku moja niliikunja kwa bahati nikasikia inasagika kama mchanga. Nilipoichana kwa kisu nikakuta nyuzi za shaba ndani zimegeuka unga wa kijani kwa urefu wa kama sentimita 10, na zilizobaki nzima hazikuzidi nyuzi 5. Chumvi hunyonywa ndani ya ala ya plastiki kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, wala jicho haliwezi kuiona. Tangu wakati huo nanunua kebo ya boti ambayo nyuzi zake zimepakwa bati, ingawa ni ghali zaidi, na kila mwisho wa kebo naupaka grisi.

Tazama pia nati za vichwa vya betri. Kama ni zile zenye masikio za kufunga kwa vidole, ziondoe uweke nati za kukazwa kwa spana. Mawimbi ya kusi yanazilegeza zile za vidole ndani ya siku chache, na terminali iliyolegea inaweza kupitisha umeme wa kuwasha asubuhi na kuukataa mchana.

Nahodha wa Kilindoni

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Leo sikuwa na wageni, kwa hiyo nimetoka na mwenzangu hadi nje ya gati tukapima kila kitu kwa utulivu, yeye akiwa usukanini na mimi nikiwa tezini.

Betri ikiwa imetulia asubuhi ilisoma 12.4. Wakati wa kuwasha ilishuka hadi 10.3. Kwenye mizunguko 3,000 ilisoma 12.8 tu, na hata nilipomwambia mwenzangu aongeze hadi 4,000 haikupanda. Nikahamia kwenye rektifaya, kabla ya fyuzi, nikapata 14.3. Nilirudia mara 3 nisije nikawa nimekosea, na kila mara ilikuwa 14.3 au 14.4.

Baada ya hapo nilifuata waya kwa vidole. Nyumba ya fyuzi ni ya plastiki nyeusi, imefungwa kwa utepe wa umeme na fundi fulani wa zamani, na nilipoishika ilikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niiachie. Nilizima mashine, nikafungua ule utepe, nikakuta fyuzi ni nzima lakini midomo miwili inayoibana ina ukoko wa kijani na mmoja wao umepauka kwa joto. Je, hili ndilo lililokuwa linanitesa muda wote huu? Na kama umeme ulikuwa haupiti hapo, imekuwaje stata ikawa inazunguka vizuri siku ya kwanza?

Fundi wa Tanga

Hongera, nahodha, umefanya kipimo ambacho mafundi wawili walipaswa kukufanyia. Koili yako ni nzima na rektifaya yako ni nzima. Volti 1.5 zilikuwa zinapotea kwenye ule ukoko na kugeuka joto, ndiyo maana vidole vyako viliungua.

Swali lako la stata lina jibu rahisi. Kebo nene ya stata haipiti kwenye fyuzi hiyo. Umeme wa kuwasha unatoka betrini moja kwa moja hadi kwenye rilei, wakati umeme wa kuchaji unarudi kwa waya mwembamba unaopitia kwenye fyuzi. Njia ya kutoka ilikuwa wazi na njia ya kurudi ilikuwa imezibwa, ndiyo sababu betri ikawa inatoa bila kupokea.

Kata kipande hicho chote, usikikwangue kwa msasa ukakirudisha. Weka nyumba mpya ya fyuzi yenye kifuniko kisichopitisha maji, na fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Usiweke kubwa zaidi kwa kudhani itadumu, kwani fyuzi kubwa inauacha waya uungue badala yake.

Hata hivyo, sitaki ufikiri kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa kuna jambo katika maelezo yako ya kwanza lililonikaa kichwani. Mashine ndogo za aina yako hutoa kiasi cha ampea 6 zikiwa kwenye mizunguko ya juu, na zikiwa sailensi, zinanguruma tu bila kupewa mafuta, hutoa kidogo sana. Kazi ya papa potwe ni kazi ya sailensi: unaenda kwa mwendo kwa dakika 20, unamfuata papa polepole au unazima kabisa kwa saa 2 au 3, kisha unarudi kwa dakika 20. Mfumo mzima usio na kasoro hauwezi kukurudishia zaidi ya ampea-saa 5 au 6 (ampea-saa 1 ni ampea 1 kwa saa 1) kwa safari kama hiyo.

Sasa tazama upande wa matumizi. Watu wengi hudhani stata ndiyo inayomaliza betri. Inavuta nyingi, pengine ampea 120, lakini kwa sekunde 3 tu, na hiyo ni sawa na ampea-saa 0.1. Ukiwasha mara 15 kwa siku umetumia 1.5. Wanaomaliza betri ni wale wanaovuta kidogo kwa saa nyingi. Ninaomba upime kila kifaa chako: hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea 10, uiunge mita katikati ya njia ya kifaa kimoja kimoja, na uhakikishe hujaribu kuwasha stata mita ikiwa humo, kwani itaungua papo hapo.

Na ile betri ya kwanza iliyoambiwa imekufa, kama bado unayo, ichaji usiku mzima, iache itulie siku nzima, kisha uipime.

Nahodha wa Kilindoni

Nimepima, na sikutegemea nilichokiona. Redio na spika zake zinavuta ampea 3.8 kwa sauti tunayoitumia, na huwa tunaiacha ikiimba tangu tunaondoka hadi tunarudi, karibu saa 4. Kifaa cha kina na chaja za simu kwa pamoja ni ampea 1.3. Pampu ya ngama ni ampea 3, nayo hufanya kazi kama nusu saa kwa siku ukijumlisha. Nikipiga hesabu ya siku nzima, stata ikiwemo, napata zaidi ya ampea-saa 23, wakati mashine inanirudishia 6 ikiwa nzima. Betri ya ampea-saa 70 kama hii ya N70 ikipungua 20 na kitu kila siku, siku ya tatu haina kitu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa ikinifanyia.

Je, nikinunua betri kubwa, mathalani N100, nitakuwa nimelitatua?

Fundi wa Tanga

Hapana, ndugu yangu. Utakuwa umenunua mtungi mkubwa zaidi unaojazwa kwa kata ileile. Badala ya siku ya tatu itakunyamazia siku ya tano, na betri inayokaa nusu tupu kila siku hufa mapema. Tenganisha. Betri ya kuwashia mashine ibaki na stata na pampu ya ngama peke yake. Muziki, simu na kifaa cha kina viwe na betri yao, wala zisiunganishwe pamoja kwa waya wa kudumu, la sivyo ile ya muziki itainyonya ya mashine.

Mvuvi wa Kilwa Kivinje

Kwa betri hiyo ya pili ninakushauri uweke sola. Nina paneli ya wati 50 juu ya paa la boti yangu, yenye kidhibiti chaji, na kwa jua la kwetu inaniwekea kama ampea-saa 12 hadi 15 kwa siku isiyo na mawingu. Usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri bila kidhibiti. Hakikisha pia hakuna kamba wala mlingoti unaoitupia kivuli, kwa sababu kivuli cha upana wa mkono kwenye paneli ndogo kinaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme wake. Fyuzi ya betri hiyo iweke karibu kabisa na kichwa chanya, ili waya wote uliobaki uwe umelindwa.

Nahodha wa Kilindoni

Ninarudi baada ya siku 9 ili wenye tatizo kama langu wakute jibu lote mahali pamoja. Nimeweka nyumba mpya ya fyuzi na kubadilisha waya mzima kutoka rektifaya hadi kwenye rilei. Kwenye mizunguko 3,000 betri sasa inasoma 14.1. Nati za masikio nimeziondoa, kama alivyosema ndugu wa Mokowe.

Ile betri ya kwanza ilikuwa bado imo ghalani. Niliichaji, nikaiacha itulie siku nzima, ikasoma 12.5. Si mpya, lakini haikuwa imekufa, na sasa ndiyo inayoimbisha redio, ikiwa ndani ya sanduku lake omoni, huku nikisubiri paneli itoke Dar es Salaam. Kwa sasa naibeba jioni kuichaji nyumbani.

Betri ya mashine sijaichaji nchi kavu tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo alfajiri, kabla ya kuwasha, ilisoma 12.6. Tulikaa na papa mmoja mkubwa kwa muda mrefu karibu na gati, nikazima na kuwasha mara 11 kwa kuhesabu, na mara zote 11 stata ilizunguka kwa wepesi uleule.